Uwanja wa Bibi Harusi Therese

Ufalme wa Bavaria ulikuwa haujatimiza miaka mitano pale mrithi wake, Mwanamfalme Ludwig, alipofunga ndoa mjini Munich na Therese, binti wa watawala wa Saxe-Hildburghausen. Ilikuwa tarehe 12 Oktoba 1810. Taji lenyewe lilikuwa bado jipya, na lilitokana na mkono wa Napoleon: mwanzoni mwa 1806 ndipo Max Joseph, baba yake Ludwig, alipotangazwa mfalme, na nchi yake ikakuzwa kwa kuongezewa sehemu za Franconia, Swabia na Tirol. Watu wa sehemu hizo hawakuwa wamewahi kula sahani moja. Walikuwamo Wakatoliki na Walutheri, kila kundi na mavazi yake, desturi zake na kumbukumbu za watawala wake wa zamani. Harusi ya mrithi wa kiti ikawa nafasi ya kuwakusanya wote na kuwafanya wajione watu wa nyumba moja.

Sherehe zilichukua siku kadhaa. Mji ulipambwa kwa taa, na watu walilishwa bure mkate, jibini, nyama ya kondoo, soseji na bia. Kilele chake kilikuwa tarehe 17 Oktoba, siku ya mbio za farasi. Wazo hilo lilifikishwa kwa mfalme na Andreas Michael Dall'Armi, mwenye benki aliyekuwa pia meja katika kikosi cha wapanda farasi cha walinzi wa taifa. Mfalme akaridhia. Mbio zikafanyika katika uwanda wa majani nje ya lango la Sendling, chini ya mwinuko ambao watazamaji waliweza kukaa na kuona vizuri. Inakadiriwa walifika watu 40,000, idadi iliyokaribia wakazi wote wa Munich wa wakati huo. Kabla ya farasi kuachiwa, watoto waliovikwa mavazi ya mikoa mbalimbali ya Bavaria walipita mbele ya hema la mfalme. Uwanda ule ukapewa jina la bibi harusi, Theresienwiese, na wenyeji wakalifupisha na kuuita Wiesn. Ndivyo wanavyouita hadi leo, na ndivyo wanavyoliita tamasha lenyewe ambalo dunia inalijua kama Oktoberfest.

Wengi wetu tamasha hilo tumelijua kwa picha za glasi kubwa za bia na wahudumu wenye mikono ya chuma. Lakini lilianza na farasi, na bia ilikuwa pembeni. Kwa hiyo historia yake inamfaa hata msomaji ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Ni historia ya uwanja mmoja uliotolewa na mfalme, ukachukuliwa na mji, na kila jambo kubwa lililoipata Bavaria, la heri na la shari, likaacha alama juu ya majani yake.

Mwaka uliofuata harusi hiyo mbio zilirudiwa, na jumuiya ya wakulima wa Bavaria ikaongeza maonyesho ya kilimo na mifugo. Lengo lilikuwa kuwaonyesha wakulima mbegu bora na ng'ombe bora na kuwatunza kwa zawadi. Watu wanaokumbuka maonyesho yetu ya Nane Nane wataelewa mara moja mantiki yake. Maonyesho hayo bado yapo. Huandaliwa kila baada ya miaka kadhaa kwenye sehemu ya uwanja uleule, wakati tamasha likiendelea. Mbio za farasi, zilizokuwa sababu ya yote, hazikuwa na bahati hiyo: ziliendelea hadi 1938, zikaonekana mara chache baada ya vita, na tangu 1960 hazikuwapo tena, isipokuwa mwaka 2010, tamasha lilipotimiza karne mbili, waliporudisha farasi kwa heshima ya kumbukumbu.

Mwaka 1813 tamasha halikufanyika, kwa kuwa Bavaria ilikuwa katika vita vya Napoleon. Mwaka 1818 ikaja bembea ya kwanza ya kuzunguka. Kisha, mwaka 1819, viongozi wa mji wa Munich wakachukua usimamizi wa tamasha na kuamua lifanyike kila mwaka. Naona uamuzi huo ni mzito kuliko harusi yenyewe. Sherehe iliyotegemea furaha ya nyumba ya mfalme ingeweza kufa naye, lakini iliyokuwa mali ya mji ilikuwa na wenyewe wengi wa kuilinda. Mji haukumsahau aliyeibuni: mwaka 1824 Dall'Armi alitunukiwa nishani ya dhahabu ya raia wa Munich, na yeye ndiye wa kwanza kuipata.

Ludwig akawa mfalme mwaka 1825. Alipenda sanaa ya Ugiriki ya kale na alijenga kwa mkono mkubwa. Juu ya mwinuko wa uwanja wa mkewe alitaka jengo la kumbukumbu ya watu mashuhuri wa Bavaria, na mbele yake sanamu ya mwanamke anayewakilisha nchi. Leo von Klenze alichora jengo, Ludwig Schwanthaler akabuni sanamu, na Ferdinand von Miller akaisubu kwa shaba nyeusi. Sanamu hiyo, iitwayo Bavaria, ilizinduliwa wakati wa tamasha la 1850. Ina urefu wa zaidi ya mita 18, pembeni yake amesimama simba, na ndani yake mna ngazi ya kuzunguka inayompandisha mgeni hadi kichwani, ambako anaweza kuchungulia uwanja wote kupitia matundu. Siku ya uzinduzi Ludwig hakuwa tena mfalme. Machi 1848, baada ya kashfa ya mapenzi yake na mcheza dansi Lola Montez na ghasia za mwaka huo, alikuwa amemwachia mwanawe kiti.

Therese alivumilia mengi katika ndoa hiyo. Alizaa watoto tisa, akabaki Mlutheri katika nyumba ya kifalme ya Kikatoliki, na watu wa Munich walimpenda kwa ukarimu wake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mjini na kuua watu wapatao 3,000. Tamasha likafutwa. Mwishoni mwa Oktoba, tarehe 26, ugonjwa huo ukamchukua Therese mwenyewe, katika mwezi uleule alioolewa na katika mwaka ambao uwanja wenye jina lake ulikaa mtupu. Kipindupindu kilirudi 1873 na kufuta tamasha tena. Katikati ya miaka hiyo miwili, vita vya 1866 na 1870 navyo vilikuwa vimelizuia.

Na bia? Hapa inabidi turudi nyuma. Mwaka 1516, mjini Ingolstadt, watawala Wilhelm IV na ndugu yake Ludwig X walitoa amri kwamba bia ya Bavaria ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Amri hiyo inajulikana sana. Ile ya 1539 haitajwi mara nyingi, lakini ndiyo iliyoipa bia ya tamasha hili tabia yake. Ilikataza kupika bia wakati wa joto: mpishi aliruhusiwa kuanzia Septemba 29, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, hadi Aprili 23, sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Bia ya kiangazi iliharibika upesi, na moto wa majiko ya wapishi ulikuwa hatari kwa miji ya nyumba za mbao. Kwa hiyo mwezi Machi wapishi walipika bia kali kidogo, yenye kimea kingi, wakaihifadhi kwenye mahandaki baridi yaliyochimbwa mwinukoni na kujazwa barafu ya majira ya baridi. Juu ya mahandaki walipanda miti ya kivuli kizito ili jua lisipashe ardhi joto. Watu wakazoea kukaa chini ya miti hiyo na kunywa, na ndiyo asili ya bustani za bia za Munich. Bia ya Machi ilishuka mapipani mwezi kwa mwezi, na Oktoba ilipokaribia, ile iliyobaki ilipaswa kumalizwa ili mapipa yapokee bia mpya. Tamasha liliangukia wakati unaofaa kabisa.

Mwaka 1867 Michael Schottenhamel alifungua kibanda chenye nafasi za watu 50 tu. Leo hema la jina lake ni miongoni mwa makubwa, na huchukua maelfu ya watu. Mwaka 1872 joto lilikuwa kali, bia yake ya kawaida ikaisha, na Joseph Sedlmayr, mwenye kiwanda cha bia, akampatia bia yake ya Machi, kali zaidi na ghali zaidi. Wanywaji hawakulalamikia bei. Bia ya namna hiyo ikawa kinywaji cha tamasha kwa miaka mingi. Mwaka huohuo wa 1872 tamasha lilianza kusogezwa nyuma kuingia Septemba, kwa sababu jioni za Septemba mjini Munich zina joto la kutosha mtu kukaa nje. Hii ndiyo sababu tamasha lenye jina la Oktoba huanza Septemba na kumalizika siku za kwanza za Oktoba.

Miongo iliyofuata ilileta karibu kila kitu ambacho mgeni wa leo hukitazamia. Mwaka 1881 Johann Rössler alimchoma ng'ombe mzima kwenye mti wa kuzunguka, na hema la ng'ombe wa kuchoma lipo hadi sasa: kibaoni huandikwa jina la ng'ombe anayeliwa saa hiyo pamoja na uzito wake. Mwaka 1885 Joseph Ammer alianza kuuza kuku wa kuchoma, ambao sasa huliwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka huohuo kampuni ya ndugu wawili, Hermann na Jakob Einstein, iliangaza uwanja kwa taa za umeme. Hermann alikuwa na kijana wa miaka sita nyumbani, Albert, ambaye baadaye jina lake lingefunika lile la kampuni.

Mwaka 1892 bia ilianza kutolewa katika glasi badala ya vyombo vya udongo. Chombo kinachopendwa huitwa Maß, nacho hubeba lita moja. Kilipokuwa cha udongo, mnywaji hakuona alichopunjwa. Kilipokuwa cha glasi, povu lilianza kujieleza lenyewe. Watu wa Munich wakalichukua suala hilo kwa uzito unaostahili fedha ya mtu: mwaka 1899 kiliundwa chama cha kupinga umiminaji wa hila, kikafufuliwa mwaka 1970, na kazi yake ni kuangalia kama bia imefika kwenye mstari wa lita. Wenye mahema nao wana kilio chao. Glasi hizo hupendwa na wageni kama kumbukumbu, na mwaka 2018 walinzi walinyang'anya zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitoroshwa mikobani na chini ya makoti.

Michezo ya zamani haikutupwa. Kuna banda la Schichtl, lililoanza 1869, ambako mtazamaji wa kujitolea huitwa jukwaani na "kukatwa kichwa" kwa kiinimacho. Kuna sahani kubwa ya mbao, ya tangu 1910, inayozungushwa huku watu wameikalia, wakirushwa mmoja mmoja hadi abaki bingwa. Kuna mteremko ambao kwanza unaupanda kwa mkanda unaokimbia chini ya miguu yako, na kutazama wanaoanguka kwenye mkanda huo ni burudani ya watu ambao wenyewe hawateremki kamwe.

Lakini mwaka 1910, tamasha lilipotimiza miaka 100, uwanja ulionyesha pia jambo la aibu. Wakati huo ilikuwa kawaida Ulaya kuleta watu wa mabara mengine na kuwaweka nyuma ya uzio ili waliolipa kiingilio wawatazame wakipika, wakicheza ngoma na kulala. Mwaka huo waliletwa Wasamoa, wakiongozwa na chifu mkuu Tamasese. Yeye alijihesabu mgeni rasmi aliyekuja kuonana na watawala wa Ujerumani, lakini waandaaji walimweka kwenye maonyesho. Samoa ilikuwa koloni la Ujerumani, kama zilivyokuwa Tanganyika, Rwanda na Burundi, na miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Vita vya Maji Maji kuzimwa kwa risasi na njaa. Mwanadamu kugeuzwa maonyesho kati ya bembea na banda la soseji ni doa ambalo historia yoyote ya kweli ya tamasha hili lazima ilitaje.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifunga uwanja kuanzia 1914. Ulipojaa tena, haukujaa kwa ajili ya bia. Tarehe 7 Novemba 1918 makumi ya maelfu ya wafanyakazi, askari na wakulima waliochoshwa na vita na njaa walikusanyika Theresienwiese, chini ya sanamu ya Bavaria. Kurt Eisner aliongoza umati kutoka hapo kwenda kwenye kambi za jeshi, na askari wakajiunga naye. Usiku huo Mfalme Ludwig III alitoroka mji, na Bavaria ikatangazwa jamhuri. Ludwig III alikuwa mjukuu wa Ludwig na Therese. Ufalme uliokusanya watu kwenye uwanja ule ili wapende taji ulianguka mbele ya watu waliokusanyika kwenye uwanja uleule, miaka 108 baadaye.

Mwaka 1923 na 1924 tamasha halikuwapo, kwa kuwa fedha ya Ujerumani ilikuwa imepoteza thamani kiasi cha noti kubebwa kwa vikapu. Mwaka 1933 Wanazi walitwaa madaraka na Wayahudi wakapigwa marufuku kufanya kazi Wiesn. Bendera za Bavaria za buluu na nyeupe zikashushwa, zikapandishwa zile za msalaba wa Kinazi. Mwaka 1938, baada ya Austria kumezwa, sherehe ya mji ilipewa jina jipya la kusifu Ujerumani Kuu. Kuanzia 1939 hadi 1945 uwanja ulinyamaza. Baada ya vita, katika mji wa vifusi, ziliandaliwa sherehe ndogo za msimu wa vuli zenye bia hafifu, hadi tamasha lenyewe liliporudi 1949.

Mila maarufu kuliko zote ni changa kuliko watu wanavyodhani. Ilianza 1950. Meya Thomas Wimmer aliingia hema la Schottenhamel, akashika nyundo ya mbao na kugongomea bomba kwenye pipa la kwanza. Ilimchukua mapigo 17. Tangu hapo kila meya hufanya kazi hiyo siku ya ufunguzi, saa sita kamili mchana, na Munich nzima huhesabu mapigo. Christian Ude, aliyekuwa meya kwa miaka mingi, alifaulu kwa mapigo mawili mwaka 2005, na mrithi wake Dieter Reiter naye amewahi kufika hapo. Bomba likishakaa, meya hupaza sauti, "O'zapft is!", kwa lahaja ya Bavaria, kutangaza kwamba pipa limefunguliwa. Mizinga 12 hulia kutoka ngazi za sanamu ya Bavaria, na hapo ndipo wenye mahema mengine huruhusiwa kumimina. Glasi ya kwanza hupewa waziri mkuu wa jimbo. Pipa hilo la mbao hubeba lita 200.

Kabla ya hapo huwa kumepita msafara wa wenye mahema na viwanda vyao, magari ya kukokotwa na farasi wenye lijamu za fedha na maua. Mbele hutangulia msichana juu ya farasi, amevaa joho la mtawa, jeusi lenye rangi ya dhahabu, akiwakilisha alama ya mji wa Munich. Siku inayofuata hupita maelfu ya watu waliovaa mavazi ya jadi. Chimbuko la gwaride hilo ni mwaka 1835, Ludwig na Therese walipotimiza miaka 25 ya ndoa.

Kuna jambo moja ambalo kila anayeingia kwa lango kuu hulipita. Tarehe 26 Septemba 1980, saa nne na dakika 19 usiku, watu wakirudi makwao, bomu lililofichwa kwenye pipa la takataka lililipuka. Walikufa watu 13, akiwamo Gundolf Köhler aliyelitega, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Köhler alikuwa amehusiana na makundi ya mrengo mkali wa kulia, lakini kwa miongo wachunguzi walisema alisukumwa na masikitiko yake binafsi. Manusura na waandishi wachache wa habari hawakukubali, wakadai kesi ifunguliwe upya. Ilifunguliwa 2014, na mwaka 2020 waendesha mashtaka wa shirikisho walihitimisha kwamba lilikuwa shambulio la kisiasa la mrengo mkali wa kulia. Manusura walisubiri miaka 40 serikali iseme walichokijua tangu usiku ule, na ukumbusho uliopo langoni unastahili dakika chache za mgeni kabla ya kelele za mahema.

Korona ilifunga uwanja mwaka 2020 na 2021. Mwaka 2023 walifika watu milioni 7.2, wengi kuliko mwaka wowote kabla yake. Kuingia uwanjani ni bure. Mgeni hulipia anachokula, anachokunywa na anachopanda, na bia ndiyo inayouma: mwaka 2024 lita moja iliuzwa kati ya euro 13.60 na 15.30. Bia ya siku hizi ni ya rangi ya dhahabu na ina kilevi cha asilimia sita hivi, kwa hiyo anayeinywa kama maji huishia mikononi mwa watoa huduma ya kwanza.

Wanaoruhusiwa kuuza bia hapo ni viwanda sita tu: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Sharti ni kwamba bia ipikwe Munich. Luitpold, mwanamfalme wa nyumba ileile ya kifalme na kitukuu cha Ludwig III, ana kiwanda chake cha bia huko Kaltenberg, magharibi ya Munich. Kwa miaka mingi alidai aruhusiwe kuuza bia yake kwenye tamasha lililotokana na harusi ya mababu zake. Mji ulimkatalia, kwa sababu kiwanda chake kiko nje ya Munich.